Motere Katikati, Mama Mkwe Mbele

Wale mnaonisimamisha sokoni Baraka kuniuliza kama ndimi yule aliyekikata kitanda chake kwa msumeno: ndiyo, ndimi. Eugène Asukulu, fundi wa boti hapa Baraka, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Juma lililopita niliwafungulia moyo nikidhani mtanihurumia, kumbe nilikuwa najipalia makaa. Jana mama mmoja muuza muhogo alinitazama toka kichwani mpaka miguuni, akasema hamuuzii muhogo mtu anayemlaza mke wake chini. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikala karanga.

Na karanga ndizo zilizoniponza. Kwa yule anayeanza kusoma leo, nitasema kwa ufupi.

Siku moja nilinunua karanga, zikafungwa katika karatasi za gazeti la Kifaransa la magari. Kurasa hizo zilikuwa zinapambanisha magari mawili ya mbio. Moja ni la zamani, sifa zake zimejaa dunia nzima, na motere yake, yaani injini, iko nyuma kabisa, pale ambapo sisi tungeweka vikapu. Jingine ni jipya, motere iko katikati, nyuma tu ya mgongo wa dereva. Waandishi waliyapanda yote mawili. Wakapima mbio, wakapima makelele, wakapima mpaka mahali pa kuweka mzigo. Nilipofika pale pa kusema lipi limeshinda, karatasi ikaisha.

Nilirudi mbio kwa muuza karanga. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameshamfungia mteja mwingine, na mteja mwenyewe alikuwa ameshapanda pikipiki kwenda Lulimba.

Mtu mwenye akili timamu angeachia hapo. Mimi nilikaa siku tatu nikiwaza. Boti zetu zote zina motere nyuma, kama lile gari la zamani, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Basi nikatoboa boti yangu katikati. Nikazungushia tundu lile sanduku la mbao ili maji yasipande, nikatumbukiza motere humo. Sanduku lilitaka ubao mgumu, mnyoofu, uliokauka vizuri. Ubao wa namna hiyo kwangu ulikuwepo mmoja, nao ulikuwa kitandani.

Tania, mke wangu, aliporudi kutoka shambani alikitazama kitanda, akanitazama mimi. Alifunga nguo zake, akaenda kwa mama yake. Miaka sita ya ndoa, na hakunipa hata tusi moja la kunifariji.

Hapo ndipo nilipowaachia juma lililopita. Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Siku ya nne nilikwenda ukweni. Nilimchukua Junior, mdogo wake Tania, mwalimu wa shule ya msingi, mwimbishaji wa kwaya, mtu wa kuvaa tai hata juani. Bila yeye nisingeweza kufungua kinywa.

Mnaijua heshima ya ukwe. Mkwe mwanaume hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake. Hasemi naye ana kwa ana, lazima neno lipite kwa mtu wa tatu. Ukivunja, unalipa mbuzi. Mama mkwe wangu, Mama Godelieve, ni mkali wa mambo hayo kuliko wazee wenyewe, na mimi kwa miaka sita nimemjua kwa miguu yake tu, maana macho yangu yalikuwa chini kila siku. Vidole vyake vya miguu ninavijua kuliko fundi viatu. Kidole gumba cha mguu wa kulia ni kirefu, kina nguvu, kinaweza kuokota sarafu.

Nilikaa uani nikiwa nimempa mgongo.

"Junior, umuambie mama nimekuja kuchukua bibi yangu."

Mama mkwe alikuwa hatua nne nyuma yangu na masikio yake ni mazima. Lakini ndivyo ilivyo. Wote tulingoja Junior amalize kukohoa.

"Mama," akasema Junior, "mukwe wako anakusalimia sana. Anauliza habari ya mafua yako. Anasema nyumba imekuwa kubwa tangu Tania atoke, na kama hautaona vibaya, moyo wake ungefurahi."

Hilo ndilo tatizo la Junior. Ukimpa pilipili, anafikisha sukari.

"Umuulize," akasema mama mkwe, "atamulaza wapi."

Na bahati mbaya sikuwa peke yangu. Mama Godelieve ni prezidenti wa bamama wanaouza ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, na siku hiyo bamama kumi na wawili walikuwa pale uani, wamekuja kuagiza boti ya chama. Fundi waliyemwita hakuwa mimi. Alikuwa Wilondja.

Wilondja anatengeneza boti tangu mimi nanyonya. Boti yake mwenyewe inaitwa "Mama Alisema". Motere nyuma, kama zote. Imebeba maharusi, imebeba majeneza, imebeba askofu.

"Motere katikati," akasema Wilondja akichokonoa meno, "ni sawa muntu mwenye kinywa ku kitovu. Kula atakula. Lakini nani atakubali kukaa naye ku meza?"

Bamama walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Damu ikanichemka.

"Junior, umuambie mama amuulize Wilondja hivi. Mawimbi ikiinuka, abiria bote bakikaa mbele, ile motere ya nyuma inapiga maji ao inapiga hewa?"

Kila mtu aliyepanda boti hapa anaijua sauti ile, wimbi linanyanyua nyuma, motere inalia hewani kama mbuzi aliyefungwa, na boti haiendi popote. Wilondja aliacha kuchokonoa meno.

Mama mkwe aliisogeza miguu yake. Nilivisikia vikuku.

"Tutazipima zote mbili," akasema, "kama bale ba ku karatasi yake ya karanga. Mi mwenyewe nitapanda. Kwenda ku kijiji ya Mushimbakye napanda ya Wilondja, kurudi napanda ya mukwe. Ile itagusa muchanga ya Baraka ya kwanza, ndiyo imeshinda. Ikiwa ya mukwe, basi iko na akili, na Tania anarudi kwake siku ile ile. Ikishindwa, Tania anabaki hapa, na mukwe arudi na bazee ba kwao tusemezane. Nimesema mbele yenu bote."

Wazee wa kwetu nawafahamu. Wakikaa kusemezana, wanaanzia kwa babu zao. Tania angerudi kwangu ana mvi.

Nikitoka nilimwona Tania mlangoni pa jiko. Hakunisalimu. Aliitazama mikono yangu yote miwili, nadhani alikuwa anatafuta msumeno.

Siku ya kupima ilifika. Boti yangu niliiandika "Milieu", yaani Katikati kwa Kifaransa, kwa rangi nyekundu, na ziwa liliamka na mawimbi, jambo lililonifurahisha mimi na kumnunisha Wilondja.

Kwenda, mama mkwe alikaa kwa Wilondja, mimi nilimbeba Junior. Ndugu zangu, boti iliruka. Motere ilikaa ndani ya maji kama kiazi ndani ya chungu, haikutoka hata mara moja. Nyuma yangu nilisikia "Mama Alisema" ikilia hewani, inanyamaza, inalia tena. Nilifika Mushimbakye, nikanywa chai, nikamaliza, nikaagiza ya pili, ndipo wakaingia.

Nikiwa mkweli kama wale wa gazeti, niseme pia mabaya yake. Kwa makelele, yangu ilishindwa, maana motere iko masikioni mwa abiria. Kwa mzigo yangu ilishinda, nyuma kote kulikuwa wazi. Mama mkwe aliuona uwazi ule. Mchuuzi ni mchuuzi, hata siku ya mashindano. Alinunua vikapu kumi na viwili vya ndakala, akavijaza nyuma mpaka juu. Na mwenyeji mmoja akamzawadia kuku mwekundu, kafungwa miguu kwa kamba.

Hapo ndipo nilipoiona kasoro ambayo hakuna gazeti lingenionya.

Katika boti ya motere nyuma, dereva yuko nyuma na abiria wote wamempa mgongo. Mkwe anaweza kumbeba mama mkwe wake mpaka Kalemie wasitazamane. Katika yangu, dereva yuko katikati. Nyuma kumejaa ndakala. Mama mkwe akakaa mbele. Tulipoondoka, mawimbi yakampiga usoni mara mbili, akafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Akageuka, akayapa mawimbi mgongo.

Uso wake ukawa mbele ya uso wangu. Kati yetu motere, Junior, na kuku.

Nilitaka kutazama miguu yake kama kawaida, lakini dereva hawezi kutazama chini. Nikainua macho juu ya kilemba chake, nikayagandisha kwenye milima ya Baraka. Ndiyo maana kwa mara ya kwanza katika miaka sita, sikuitazama miguu ya mama mkwe wangu. Likumbukeni neno hilo.

Robo ya safari nilihisi baridi vidoleni. Maji.

"Junior, umuambie mama maji inaingia. Achukue kopo, atoe."

Junior alikohoa, akaiweka tai sawa.

"Mama, mukwe wako anakushukuru sana kwa kukubali kupanda boti yake. Anasema, bila haraka, kuna kajambo kadogo ka maji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo, ukipata nafasi."

"Umuambie nimesikia," akasema mama mkwe. Hakushika kopo.

Maji yakafika kwenye vifundo. Boti ikawa nzito. Nyuma yangu ile sauti ya mbuzi ilianza kukaribia.

"Junior, umuambie tutazama."

"Mama, mukwe wako anasema..." Junior akasita. Uso wake ulikuwa umepata rangi ya majani ya muhogo. "Shemeji, unisamehe. Leo mi si muntu tena."

Akatambaa kupita motere, akajilaza juu ya vikapu vya ndakala, akafunika uso kwa tai yake. Hakuinuka tena.

Nikabaki mimi na mama mkwe, bila mtu wa tatu, maji yanapanda. Nikisema naye, mbuzi. Nisiposema, boti. Na boti ikishindwa, Tania. Nilitazama huku, nikatazama kule. Kuku alinitazama.

"Kuku," nikasema.

Kuku aligeuza shingo.

"Kuku, kama kuna muntu huko mbele, na kama kuna kopo karibu yake, tunaomba atoe maji."

Nikadhani nimeharibu kabisa. Kisha mama mkwe akamwinamia kuku.

"Kuku," akasema, "umuambie ule baba ya motere, kopo nimeiona tangu zamani."

"Kuku, umuulize basi, kwa nini hatoi?"

"Kuku, umuambie asogeze boti pembeni, Wilondja apite."

Hilo sikulielewa. Niliongeza esansi, motere ikanguruma. Mawimbi yalikuwa upande wangu, motere ilikuwa upande wangu, lakini nilikuwa nimebeba nusu ya Ziwa Tanganyika ndani ya boti. Baraka ilikuwa inaonekana sasa, na watu ufukoni, kanga na vitenge, kelele za mbali.

"Kuku," nikasema, "umuambie mama hii boti nilipaka pamba na mawese mwenyewe, kila ufa, siku mbili. Haina kosa. Sijui maji inatoka wapi."

Mama mkwe alishusha pumzi.

"Kuku, umuambie maji ni mi."

Kuku alipepesa macho. Mimi pia.

"Umuambie boti yake haina kosa," akaendelea mama mkwe, na hakuinua macho kutoka kwa kuku. "Ni mi nachomoa pamba na kidole ya muguu tangu tutoke Mushimbakye. Umuambie pia kama hajue: Tania iko na mimba. Miezi tatu."

Mkono wangu uliteleza kwenye motere. Miaka sita, ndugu zangu. Miaka sita ya kwenda kwa waganga na kwa wachungaji, ya mama yangu kuuliza na mimi kudanganya. Na wakati Mungu alikuwa ameshaikumbuka nyumba yangu, mimi nilikuwa chini ya kitanda na msumeno.

"Nilisema mbele ya bamama kumi na mbili," akasema mama mkwe. "Siwezi kumeza maneno yangu. Ukishinda, Tania anarudi leo, analala chini na ile tumbo. Basi kuku, umuambie boti isishinde. Mutoto azaliwe kwangu."

"Kuku, umuambie mama kitanda nitatengeneza leo leo."

"Kwa ubao gani?" akamuuliza kuku. "Ubao ya kitanda iko hapa. Motere imeukalia."

Mama mkwe alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikasema moyoni, basi, acha nishindwe. Wilondja ashinde, acheke mwaka mzima. Wazee wa kwetu wajadili mpaka wachoke. Mtoto wangu azaliwe mahali penye kitanda. Nilianza kupunguza esansi.

Ndipo nilipotazama ufukoni.

Tania alikuwa amesimama mbele ya watu wote, maji yamemfika magotini. Begani alikuwa na mfuko wa nguo zake. Kichwani alikuwa amebeba godoro, limekunjwa na kufungwa kwa kitenge. Mkono wake mmoja ulishika godoro lisianguke. Wa pili ulikuwa unapunga, haraka, kama mtu anayemwita kijana wa boti aliyechelewa. Alikuwa ananiita mimi. Mwanamke asiyetaka kurudi habebi godoro.

Mama mkwe hakumwona. Alikuwa ameipa Baraka mgongo.

"Kuku," nikasema, "umuambie mama ageuke."

Lakini maji yalikuwa yameilegeza kamba. Kuku alipiga mabawa, akaruka juu ya motere, akatua kifuani mwa Junior. Junior alilia mara moja, akanyamaza. Kati yetu pakabaki patupu. Hakukuwa na mwalimu, wala tai, wala kuku.

"Mama," nikasema.

Miguu yake iliruka ndani ya maji.

"Mbuzi," akasema.

"Ndiyo, mbuzi, nitaleta. Lakini geuka, uangalie mutoto wako. Iko na godoro ku kichwa."

"Unataka nigeuke ili uzibe."

"Mama, geuka."

"Sigeuki."

Kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni. Ana macho ya Tania. Hakuna aliyewahi kuniambia, na ningejuaje mimi, miaka sita nikitazama vidole. Macho yale yalikuwa yanataka kulia, lakini yalikuwa yameamua.

Wilondja alifika ubavuni. Pua ya "Mama Alisema" ilikuwa sawa na motere yangu. Mchanga ulikuwa mbali kiasi cha mtu kutupa jiwe, na Tania alikuwa ameacha kupunga. Alikuwa anatazama tu.

Nikashusha macho kwenye miguu niliyoizoea. Maji yalikuwa na rangi ya mawese, lakini niliona vizuri. Tundu la kwanza lilikuwa wazi. Kidole gumba cha mguu wa kulia, kile kirefu, kilikuwa kimeshaipata pamba ya pili.

Kumsemesha mama mkwe ni mbuzi mmoja, hilo linajulikana. Kumshika mguu mbele ya Baraka nzima sijui ni nini, kwa sababu hakuna mzee aliyewahi kuulizwa.

Nikaachia motere. Nikapiga magoti ndani ya maji mbele ya Mama Godelieve, nikanyoosha mikono yote miwili kuushika mguu ule, na ufukoni bamama kumi na wawili wakaziba vinywa kwa pamoja.